Kilele cha Kibo na Thamani ya Kisicho na Faida

Binadamu ana mizani mbili za kupimia vitu. Kwa mizani ya kwanza hupima manufaa: je, kitu hiki chalisha, chavika, chaponya au chanywesha? Kwa mizani ya pili hupima heshima: je, kitu hiki ni kizuri, ni cha kale, ni kikuu, au chakumbusha jambo ambalo si haki lisahauliwe? Mara nyingi mizani hizi hukubaliana, na penye mapatano hapana haja ya hukumu. Taabu huanza siku zinapogombana. Kitu kilichosifiwa miaka mingi kwa faida yake kikigunduliwa kwamba faida hiyo ni ndogo mno, heshima yake nayo ipungue? Na mtu aliyekwisha kuijua kweli hiyo, je, ana ruhusa ya kuificha ili heshima ibaki mahali pake?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya mambo mengi, lakini hapana mahali linapoonekana wazi kama juu ya kilele cha Kibo katika mlima wa Kilimanjaro. Huko juu pana barafu inayotoweka. Kwa muda mrefu watu wameambiwa waihurumie barafu hiyo kwa sababu ndiyo mama wa mito. Wachunguzi wa mlima huo wamekuta kwamba mama wa mito ni mwingine. Ili swali lihukumiwe kwa haki, yafaa kwanza kilele chenyewe kijulikane kilivyo, maana hukumu juu ya kitu kisichojulikana ni uvumi uliovaa joho.

Kilimanjaro husimama peke yake katika nyanda za kaskazini mashariki ya Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, kiasi cha digrii tatu kusini ya Ikweta. Ulijengwa na moto wa ardhi, kilele baada ya kilele, na vilele vyake ni vitatu. Shira, kilicho magharibi, ndicho cha kale kuliko vyote, nacho kimebomoka hata kikabaki uwanda. Mawenzi, kilicho mashariki, kina kimo cha mita 5,149, na miamba yake imechongoka kama meno. Kibo, kilicho katikati, ndicho kidogo kwa umri na kikubwa kwa kimo. Ukingo wa kasoko yake hufikia upeo mahali paitwapo Uhuru. Vitabu vya shule hutaja mita 5,895, kipimo kilichopatikana mwaka 1952. Vipimo vilivyosaidiwa na satalaiti mwaka 1999 na mwaka 2008 vilipunguza mita tatu hivi katika hesabu hiyo. Mlima haukuinama kwa ajili ya vipimo hivyo. Yaliyorekebishwa yalikuwa maneno ya watu juu yake, na jambo hili dogo lafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa ni mfano wa kubwa lijalo.

Ndani ya kasoko kuu ya Kibo mna kasoko ndogo iliyopewa jina la Reusch, na ndani ya hiyo mna shimo refu la majivu. Katika nyufa za huko mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka hata leo. Basi juu ya kilele kimoja moto uliolala na barafu inayokonda hukaa jirani, wala hakuna kati yao anayemwondoa mwenziwe. Barafu ya Kibo haiyeyushwi na moto ulio chini yake. Adui zake ni wa juu: jua, ukavu wa hewa, na uhaba wa theluji mpya.

Tabia ya nchi katika kilele hicho ni ngeni kwa mtu wa pwani na kwa mtu wa bara vilevile. Wastani wa joto katika mwaka ni kiasi cha digrii 7 za sentigredi chini ya sifuri. Hewa ni nyepesi, hata kila pumzi humpa mpandaji nusu tu ya oksijeni ambayo angalipata ufukoni. Katika nchi za mbali na Ikweta miezi ndiyo hutofautiana, kipupwe na kiangazi. Juu ya Kibo miezi hufanana kwa joto, na tofauti kubwa ni ya mchana na usiku. Mchana jua la Ikweta hupiga wima juu ya mwamba mweusi. Usiku joto hilo lote hupaa katika anga isiyo na wingu, na kila tone la maji hugeuka jiwe. Asubuhi kilele huwa wazi mara nyingi. Jua likipanda, hewa iliyopata joto huparamia mitelemko pamoja na unyevu wake, mawingu yakafungamana, na kufika alasiri mtu aliye chini hauoni mlima.

Misimu ya mvua ni miwili, masika tangu Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba au Novemba hata Desemba. Lakini mvua haigawi kwa usawa. Katika msitu wa upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kutoka hapo kwenda juu hupungua upesi. Msitu hufuatwa na vichaka na mbuga za nyasi za baridi, penye lobelia na senesio zenye maumbo ya ajabu. Kisha huja jangwa la mawe. Kisha kilele, ambacho hukadiriwa kupata kiasi cha milimita 200 tu kwa mwaka. Yaani kichwa cha mlima, kinachoonekana kutoka mbali kama chombo kilichojaa maji, ni mahali pakavu kama jangwa. Mawingu yenye utajiri hukomea kiunoni.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi wa ugeni wa kitu hicho. Neno theluji limetoka katika Kiarabu, na barafu limetoka katika Kiajemi. Pwani yenye joto haikuwa na haja ya kuunda jina la kitu ambacho haikukiona. Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi yule alijibu kwa neno moja, kwamba ni baridi. Hakuwa na jina la kitu. Alikuwa na jina la tendo lake. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, na lilikuwa na adabu ya elimu, maana halikudai zaidi ya lililojulikana. Wachaga waliokaa chini ya mlima walikuwa na maarifa yao ya zamani juu yake. Masimulizi ya karne ile yataja watu waliotumwa na mtawala wao kukileta kitu cheupe kilichong'aa kama fedha, na mikononi mwao kikageuka maji.

Habari za Rebmann zilipofika Ulaya zilikutana na ukaidi. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekaa London, alikataa kwamba theluji yaweza kudumu karibu na Ikweta, akaona ni rahisi zaidi kuyashtaki macho ya msafiri kuliko kuishtaki ramani yake. Mwaka 1862 Claus von der Decken na Otto Kersten walipanda hata wakapita kimo cha mita 4,000, na huko theluji ikawaangukia. Hapo mabishano yalipungua nguvu. Katika kisa hiki mwenye elimu alikataa kweli kwa sababu haikulingana na alivyotaka dunia iwe. Ni vizuri kukumbuka kwamba kosa hilo halina upande. Laweza kumpata mtu anayesema theluji haipo, na laweza kumpata anayesema theluji yafanya kazi isiyoifanya.

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer aliporudi mlimani mwaka 1898 aliona barafu imepungua. Kipimo kilichotokana na ramani ya mwaka 1912 chaonyesha kiasi cha kilomita za mraba 11.40 za barafu. Kipimo cha mwaka 2011 chaonyesha 1.76. Katika miaka mia moja, asilimia 85 ilikwisha kutoweka, na karibu nusu ya barafu ya mwaka 1912 ilikuwa imekwenda kabla ya kati ya miaka ya 1950. Wanaoitazama leo hutazama masalio: kuta chache zilizosimama wima kama ngome iliyobomolewa, zikizungukwa na majivu meusi.

Namna barafu hiyo inavyokufa yastahili kuelezwa, kwa sababu si namna ambayo mtu hudhani. Hewa ya kileleni ni baridi chini ya kiwango cha kuyeyusha, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba joto la hewa limepanda na barafu ikatiririka. Jua lenyewe huipiga. Theluji mpya, kwa weupe wake, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga angani, na kwa njia hiyo huwa ngao ya barafu kuukuu iliyo chini yake. Theluji ikikosa kuanguka, barafu kuukuu iliyoingia vumbi hubaki wazi, ikameza mwanga. Sehemu yake huyeyuka. Sehemu nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Kugeuka huko hutaka nguvu zaidi ya mara nane ya nguvu itakiwayo kuyeyusha, na ndiyo maana ukavu wa hewa, ambao huiiba barafu polepole, pia huichelewesha isiishe upesi.

Juu ya sababu za kupungua huko wataalamu wamebishana. Georg Kaser na wenzake walieleza kwamba tangu miaka ya 1880 tabia ya nchi katika Afrika ya Mashariki iligeuka ikawa kavu zaidi. Barafu ilikosa chakula chake, yaani theluji, ikaanza kula mwili wake. Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kutoa vipande virefu ambavyo umri wa kilicho chini kabisa waliukisia kuwa miaka 11,700, walitia mkazo zaidi katika kuongezeka kwa joto la dunia. Wengine waliutilia shaka umri huo. Hata hivyo pande hizo hazipingani kabisa, maana joto la bahari na la anga ndilo huongoza pepo na mvua, na ukavu wa mlima mmoja haukosi ukoo na mambo ya dunia nzima. Lililo hakika ni hili: barafu ilianza kupungua kabla ya viwanda vya leo kujaza anga moshi wake, na upungufu huo haujakoma.

Sasa lije jambo la maji. Kwa miaka mingi imesemwa katika madarasa, katika hotuba na katika maandishi ya watu wa mbali kwamba barafu ya Kibo ndiyo inayonywesha vihamba vya Wachaga, mifongo yao, na mto Pangani ambao hupokea maji ya mitelemko ya kusini. Maneno haya huvutia, kwa kuwa yanafuata jicho. Jicho huona kitu cheupe juu na mto chini, na akili hukamilisha mstari uliobaki. Lakini hesabu haikubali. Barafu yote ya mwaka 2011 haikufika kilomita za mraba mbili, katika mahali pakavu kabisa mlimani, na sehemu ya upungufu wake hupaa angani bila kugusa mto. Chini yake msitu wenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 1,000 hupokea mvua ambayo penye unyevu mwingi hupita mara kumi ile ya kileleni. Zaidi ya hayo, matawi na kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu katika msitu wa juu huyakamata matone ya ukungu yasiyoanguka kama mvua, yakatiwa ardhini. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa kuungua huko yapita mbali maji ambayo kupungua kwa barafu kungeweza kuyapoteza.

Hapa ndipo swali la maadili linaposimama kwa miguu yake yote. Mwalimu mmoja aweza kusema hivi: watu hawahifadhi wasichokihitaji. Ukimwambia mkulima kwamba barafu ndiyo maji yake, atahuzunika, ataonya watoto wake, ataunga mkono kila shauri la kuilinda dunia. Ukimwambia kwamba barafu si maji yake, atageuza uso. Neno lisilo kweli limeleta tendo jema; je, mtenda wema aulizwe alikoipata hamu ya kutenda? Hoja hii haifai kudharauliwa. Wanaoitoa mara nyingi si wadanganyifu. Ni watu wenye haraka ya kuokoa, na mwenye kuokoa hachagui kamba.

Walakini hoja hiyo ina kasoro tatu. Ya kwanza ni kwamba uongo huelekeza ulinzi mahali pasipo pake. Mtu aliyeaminishwa kwamba maji yake yatoka kileleni atatazama kileleni, na huko hana la kufanya kwa mkono wake. Nyuma ya mgongo wake msitu waweza kuungua. Mwezi Oktoba mwaka 2020, na tena mwezi Oktoba mwaka 2022, moto ulishika katika mbuga na vichaka vya Kilimanjaro ukawasumbua waliouzima kwa siku nyingi. Mti ulioungua hauonekani kutoka mbali kama barafu iliyopungua, wala haupigwi picha nyingi. Lakini kisima hujua tofauti. Sifa aliyopewa asiyestahili imenyang'anywa anayestahili, na wahenga wamekwisha kusema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika mlima huu mnyonge wa sifa ni msitu.

Kasoro ya pili ni ya muda. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya mwenye kutia chumvi si ndefu sana kuliko hiyo. Mwaka 2002 ilitangazwa katika maandishi ya kisayansi kwamba, mwendo ukiwa ule ule, barafu ya Kibo ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Yalikuwa makisio yenye sharti, yaliyotolewa kwa nia njema na kwa hesabu. Waliyoyabeba hadharani waliliangusha sharti njiani wakabaki na tarehe. Tarehe ikapita na barafu ingaliko, ingawa imekonda. Basi wale waliotafuta sababu ya kuikataa habari yote ya mabadiliko ya tabia ya nchi waliipata. Mwaka 2022 shirika la UNESCO, ambalo liliiingiza hifadhi ya Kilimanjaro katika urithi wa dunia mwaka 1987, lilitoa taarifa kwamba barafu iliyobaki katika Afrika yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Onyo hili lina uzito. Lakini masikio yaliyopigiwa ngoma ya tarehe mara moja huisikiliza ya pili kwa mashaka. Aliyetumia kweli zaidi ya kiasi chake huwaachia wenziwe deni.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kumdanganya mtu kwa faida yake ni kumhesabu kuwa chini ya kweli. Mkulima wa Marangu au wa Machame, ambaye wazee wake walichimba mifongo wakayaongoza maji katika mabonde kwa vipimo vya macho na kwa sheria za zamu, si mtoto wa kutishwa na zimwi ili alale. Yeye ndiye ajuaye chemchemi gani imekauka na lini. Akipewa kweli aweza kuitumia. Akipewa hadithi aweza kuiamini tu. Heshima ya elimu ni kumpa mtu kitu anachoweza kukijibu.

Katika ngano moja ya Wachaga husimuliwa kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa kidogo akala. Ladha ilimpendeza. Akauzima moto njiani akarudi, akadai umezimika, akapewa tena. Aliporudi mara nyingine Kibo alikasirika, akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimepasukapasuka hata leo. Moto wa kwanza ulikuwa haja ya kweli. Uliofuata ulikuwa haja ya kutunga, nao ulimpa faida mwenye kuutunga mpaka siku ulipojulikana. Ngano haisemi kwamba ndizi zilikuwa mbaya. Yasema kwamba njia ya kuzipata ilimvunja aliyeipita.

Basi hadithi ya faida ikiondolewa, barafu yabaki na nini? Mtu mkali aweza kusema: haina kitu. Kama haileti maji, na iishe. Mawenzi hauna barafu ya kudumu, wala hakuna anayeuomboleza. Tena atasema kwamba dunia imekwisha kupoteza barafu nyingi kabla ya binadamu kuwapo, na kwamba maskini ana matanga ya karibu zaidi kuliko ya kilele. Maneno haya yana kweli ndani yake. Hapana sheria ya kumlazimisha mwenye njaa ahuzunike kwa ajili ya weupe. Huzuni inayodaiwa kwa nguvu ni kodi, na kodi ya huzuni haitozwi.

Lakini mtu huyo mkali amefunga hesabu mapema. Amedhani kwamba kisichonywewa hakina kazi katika maisha ya watu. Barafu ya Kibo, kwanza, ni kumbukumbu. Katika tabaka zake mmehifadhiwa vumbi na hewa ya miaka ya kale, ukiwamo ushahidi wa ukame mkali wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kumbukumbu hiyo haikuandikwa mara mbili. Ikigeuka mvuke haiwezi kuombwa nakala. Mtu ambaye huona ni vibaya kuchoma hati za zamani za mji wake, ingawa hakuna mtu anayezila, amekwisha kukubali kwamba si kila thamani hupita tumboni.

Pili, kilele hicho ni ishara, na ishara huundwa na watu lakini huwaunda watu nazo. Wajerumani walikiita kwa jina la Kaisari wao. Usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha huko bendera na mwenge, na jina la Kaisari likaondoka likawa Uhuru. Hapana shamba lililopata maji kwa tendo hilo. Hata hivyo ni nani atakayesema kwamba halikuwa na kitu? Waliochagua kilele kile walikichagua kwa sababu huonekana na wote, na hakuna aliyekimiliki peke yake. Barafu ikiisha, Uhuru hautaisha, na jina halitayeyuka. Lakini kizazi kitakachokuja kitakisoma kilele kama mtu asomaye barua ambayo muhuri wake umebanduka.

Tatu, barafu ni shahidi wa dhuluma. Sehemu ya ukavu na joto linaloimaliza yatoka katika moshi wa nchi tajiri, na watu wanaokaa chini ya mlima hawakuchangia moshi huo ila kidogo mno. Shahidi hahitaji kuwa na faida nyingine ili asikilizwe. Lakini papo hapo haki yataka shahidi asisemeshwe asichokiona. Kuisingizia dunia ya mbali upungufu wote, hata ule ulioanza katika karne ya 19 kwa sababu za ukavu, ni kumharibu shahidi huyo mbele ya mahakama. Na kosa la mbali halifuti kosa la karibu. Anayewasha moto msituni ili kufukuza nyuki au kuotesha majani mapya hawezi kujificha nyuma ya moshi wa viwanda vya ng'ambo. Kila mmoja na mzigo wake, na mzigo wa karibu ndio unaoweza kutuliwa leo.

Kutoka katika mambo haya hukumu yaweza kutolewa bila kelele. Msitu wadai ulinzi, kwa kuwa uhai wa watu umefungwa nao na mikono yao yaufikia. Barafu yadai ushahidi: kutazamwa, kupimwa, kuandikwa, kufundishwa kwa idadi zake halisi, na kuhuzunikiwa na anayeweza kuhuzunika kwa sababu zake za kweli. Madeni haya ni mawili, wala la kwanza halilipwi kwa sarafu ya la pili. Anayesema kwamba barafu ni maji ameyachanganya, na mchanganyiko huo hatimaye humdhulumu kila mdai: msitu hunyimwa sifa, na barafu hupewa sifa ambayo siku itakapovuliwa itamwacha mtu akidhani kwamba haikustahili chochote.

Heshima iliyojengwa juu ya faida ya kubuni huporomoka pamoja na faida hiyo. Heshima iliyojengwa juu ya kitu kilivyo hudumu hata baada ya kitu kwenda zake, kama heshima ya marehemu aliyesifiwa kwa aliyoyatenda tu. Kiongozi wa mwaka 1848 aliulizwa juu ya weupe ule akajibu kwa kiasi cha alichojua. Wasomi wa leo wanajua zaidi yake kwa mbali: wanajua kimo, joto, mvua, umri na sababu. Wajibu wao haukuongezeka wala haukupungua. Ni kusema kadiri ya walichojua, kisha kuwaachia wasikilizaji uhuru wa kupenda.